Kufungasha vitu vya kanzidata vyenye uhusiano kabla ya kuviweka kwenye kache: naomba ushauri

Mjenzi wa Mbagala (muulizaji)

Habari za jioni ndugu zangu.

Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua kwa wiki mbili sasa. Ninatunza mfumo wa duka la vipuri vya magari lililoko Gerezani, Kariakoo. Mfumo umeandikwa kwa Django (zana ya lugha ya Python ya kujengea tovuti), kanzidata ni PostgreSQL, na kache, yaani hifadhi ya muda ya majibu yaliyokwisha kutafutwa, ni Redis. Wauzaji wa kaunta huutumia kwenye kompyuta, na mafundi wa gereji za Buguruni, Tabata na kwingineko huutumia kwa simu ili wajue kama kipuri kipo kabla ya kumtuma mtu wa bodaboda kukifuata.

Kila kipuri kina msambazaji mmoja, kina bei ya rejareja na bei ya jumla, na kina idadi iliyobaki katika kila stoo. Zaidi ya hayo kina uhusiano wa wengi kwa wengi na magari, kwa kuwa beringi moja inaweza kuingia kwenye magari ya aina kadhaa, na gari moja lina mamia ya vipuri. Ukurasa unaofunguliwa kuliko kurasa zote ni ule wa gari: mtu anachagua Toyota IST au Toyota Noah, kisha anapewa orodha ya vipuri vyote vinavyoingia humo pamoja na jina la msambazaji, bei na stoo kilipo. Orodha moja hufika vipuri mia tatu.

Ukurasa huo ulikuwa mzito, nikaamua kuuwekea kache. Niliichukua orodha ya vipuri kama ilivyotoka kwenye kanzidata nikaikabidhi kwa cache.set, amri ya Django ya kuhifadhi kwenye kache, kwa muda wa saa moja, na haikukataa. Hata hivyo ukurasa haukupata wepesi nilioutarajia. Nilipofungua kumbukumbu za PostgreSQL niliona kwamba lile ulizo (ombi kwa kanzidata) kubwa la orodha halitumwi tena, lakini maulizo madogo ya kutafuta msambazaji na stoo yanaendelea kumiminika kwa kila kipuri kana kwamba kache haipo. Nikajaribu kugeuza vipuri kuwa JSON, yaani maandishi yenye mpangilio maalumu, ili nijue hasa ninahifadhi nini, nikaandika msimbo unaopita kwenye kila uhusiano na kufungasha kilichoko upande wa pili. Kipuri kikaita magari yake, gari likaita vipuri vyake, vipuri vikaita tena magari, mpaka Python ikasimama ikisema kina cha kujirudia kimezidi kikomo. Nikarudi kwenye njia ya mwanzo. Juzi tena tuliongeza safu ya namba ya rafu kwenye jedwali la vipuri, na mara baada ya kupandisha toleo jipya maulizo yaliongezeka kwa karibu saa nzima, kisha yakapungua yenyewe bila mimi kugusa chochote.

Lililoniumiza kuliko hayo ni la bei. Mwenye duka alipandisha bei ya shokapu asubuhi, na dakika chache baadaye muuzaji akamuuzia mteja kwa bei ya zamani, kwa sababu ukurasa wa gari ulionyesha bei ya zamani ilhali ukurasa wa kipuri chenyewe ulikuwa na bei mpya. Tofauti ile ilikatwa kwenye mshahara wa muuzaji, na mwenye kosa ni mimi niliyeandika msimbo. Ninaomba anayelifahamu jambo hili vizuri anieleze kinachotokea ndani, maana nimechoka kubahatisha. Natanguliza shukrani.

Kijana wa Sinza

Mkuu, pole sana, na pole zaidi kwa muuzaji. Hilo la maulizo madogo nimelipitia. Kabla ya kuweka orodha kwenye kache, iombe pamoja na jamaa zake: tumia select_related kwa msambazaji na prefetch_related kwa stoo. Django itawaleta wote mara moja, na watafungashwa pamoja na kipuri ndani ya furushi moja. Kwangu maulizo yaliisha siku hiyo hiyo. Hili la bei sina jibu lake zaidi ya kupunguza muda wa kache kutoka saa moja hadi dakika tano, ambazo ndizo Django hutumia usipotaja muda wowote.

Mhandisi wa Kigamboni

Ndugu Mjenzi, ushauri wa Kijana wa Sinza ni sahihi na utakupunguzia mzigo leo hii. Ninaomba hata hivyo nieleze sababu yake, kwa kuwa matatizo yako yote manne yana mzizi mmoja, na ukiyatibu moja moja yatakurudia kwa sura nyingine.

Kufungasha ni kukigeuza kitu kilichoko kwenye kumbukumbu ya programu kuwa mfuatano wa baiti, ili kiweze kwenda Redis na baadaye kufunguliwa kikiwa vilevile. Kwa namba, maneno na orodha za kawaida jambo hili halina utata. Kitu cha kanzidata ni tofauti, kwa sababu sehemu yake kubwa haimo ndani yake. Kipuri ulichokishika kwenye Django kina safu zake mwenyewe, lakini msambazaji wake hayumo. Kilichomo ni namba ya msambazaji pamoja na ahadi kwamba ukimuulizia, Django itakwenda kumleta. Unapoandika msimbo huioni ahadi hiyo, nawe unaandika kana kwamba msambazaji yupo pale. Lakini pickle, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya Django ya kufungasha vitu kwenda Redis, huchukua kile tu kilichokwisha kuletwa, na ahadi inabaki kuwa ahadi.

Sasa fuatilia kinachotokea ukurasa unapofunguliwa. Furushi linatoka Redis, vipuri mia tatu vinafunguliwa, kiolezo, yaani muundo wa ukurasa, kinataka kuandika jina la msambazaji wa kipuri cha kwanza, na kwa kuwa hayumo, ulizo linakwenda PostgreSQL kumtafuta. Kipuri cha pili hivyo hivyo, na cha tatu. Ukurasa ukishatumwa kwa mgeni, nakala ile iliyokwisha kujazwa wasambazaji inatupwa, maana iliyoko Redis ni ile ya awali isiyo nao, na mgeni anayefuata anaanza upya. Ndiyo maana maulizo yako hayakupungua hata kache ilipokaa siku nzima. Wenzetu wa SQLAlchemy na Hibernate (zana nyingine za kuunganisha programu na kanzidata, ya kwanza ya Python na ya pili ya Java) hukutana na jambo hili hili kwa njia ya wazi zaidi: kitu kikishatengana na kikao kilichokileta hakiwezi tena kuiita kanzidata, na ukigusa uhusiano ambao haukuletwa unapewa kosa, kwa SQLAlchemy ni DetachedInstanceError na kwa Hibernate ni LazyInitializationException. Watu hulilalamikia sana kosa hilo. Mimi ninaona ni afadhali kosa linalosimamisha kazi kuliko utii wa kimya wa Django, ambao ulikuficha tatizo kwa wiki mbili.

Ukitumia prefetch_related, zingatia jambo moja ambalo limewaponza wengi. Kilicholetwa mapema hutumika tu ukikiomba kwa all. Ukiita filter au order_by juu ya uhusiano huo ndani ya kitanzi, kwa mfano ukitaka stoo zenye mzigo tu, Django huona hilo ni ombi jipya na kwenda kanzidata tena, hata kama stoo zote zimo ndani ya furushi. Lipo pia suala la ukubwa. Kwa select_related, kila kipuri hutoka na nakala yake ya msambazaji, kwa hiyo vipuri mia mbili vya msambazaji mmoja hubeba nakala mia mbili za mtu yuleyule hadi Redis. Ukimleta msambazaji huyo kwa prefetch_related, vipuri vyote huelekeza kwenye nakala moja, na kwa kuwa pickle hukumbuka ilichokwisha kukifungasha, humwandika mara moja tu na kwingine huweka rejea. Kwa wanaotumia Memcached, kache nyingine kama Redis, suala hili ni zito zaidi, kwa sababu kikomo chake cha kawaida ni megabaiti 1 kwa kila ufunguo, na furushi linalozidi hapo halihifadhiwi.

Ile saa ya maulizo mengi baada ya kuongeza safu ya rafu nayo inatokana na mzizi huu huu. Mafurushi yaliyokuwemo Redis yalifungashwa na toleo la zamani, kwa hiyo hayakuwa na namba ya rafu. Toleo jipya lilipoyafungua na kiolezo kikaiomba, Django iliichukulia kuwa ni safu iliyoahirishwa, ikaenda kuisoma kwenye kanzidata kwa kila kipuri peke yake. Saa moja ilipotimia mafurushi yale yakaisha muda, hali ikatulia. Ungekuwa umebadilisha jina la modeli (sehemu ya msimbo inayowakilisha jedwali) au kuihamisha, mafurushi yasingefunguka kabisa na wateja wangeona kosa la seva. Nyaraka za Django zinasema wazi kwamba furushi la pickle ni halali kwa toleo la Django lililolifungasha tu, nawe hupewa onyo ukilifungua kwa toleo jingine.

Kuhusu mzunguko wa kipuri na gari, pickle haikwami kwa sababu ile ile ya kukumbuka ilichokwisha kukifungasha. JSON haina namna ya kusema kwamba kitu hiki ni kile kilichotajwa juu, kwa hiyo msimbo wako ulikuwa unatembea kwenye duara. Tafadhali usiongeze kikomo cha kujirudia cha Python, ambacho kwa kawaida ni 1000, kwa kuwa duara halina mwisho hata ukikifanya milioni. Uhusiano una pande mbili kwenye kanzidata, lakini ukurasa wa gari huusoma kutoka upande mmoja: gari linataka vipuri vyake, basi. Upande wa pili ukate.

Ushauri wangu kwa hiyo ni kwamba usiweke kitu hai kwenye kache. Weka majibu ambayo kitu hicho kingetoa. Kabla ya kuhifadhi, pita kwenye orodha mara moja na utengeneze kamusi za kawaida za Python (jozi za jina na thamani) zenye kile tu ambacho ukurasa unaandika: namba ya kipuri, jina, rafu, namba ya msambazaji na jina lake. Kamusi haina ahadi ndani yake. Ikitoka Redis haiwezi kwenda PostgreSQL hata ikitaka, na ukiwa umesahau kitu utapata pengo linaloonekana badala ya maulizo mia tatu yasiyoonekana. Ufunguo wa furushi uwe na namba ya umbo lake, kwa mfano gari:v3:57, na kila unapoongeza au kuondoa sehemu ya kamusi uipandishe namba hiyo. Toleo jipya la programu halitaligusa furushi la zamani, na tukio la rafu halitajirudia.

Kamusi hizo ukizihifadhi kwa JSON, jihadhari na mambo ambayo hubadilika njiani. JSON haijui desimali. Kifungashi cha Django kiitwacho DjangoJSONEncoder huigeuza kuwa maneno, nawe unapofungua uirudishe kuwa desimali, wala usiipitishe kwenye namba za nukta elea (float), ambazo hukadiria desimali, kwa sababu hesabu za fedha zikikusanywa kwa namba hizo huweza kupotoka. Kamusi inayotumia namba kama funguo itarudi ikiwa na maneno, yaani 57 itarudi ikiwa "57", na utafutaji wako utakosa kitu ambacho kimo. Tarehe zihifadhi kwa saa za dunia, yaani UTC, na uzigeuze kuwa saa za Dar es Salaam, ambazo ziko mbele kwa saa tatu, pale tu unapozionyesha.

Nikiwa bado hapo, hakikisha Redis yako haifikiki kutoka nje ya seva. Kufungua furushi la pickle ni sawa na kuendesha msimbo uliomo ndani yake, kwa hiyo anayeweza kuandika kwenye Redis yako anaweza kuendesha atakacho kwenye programu yako. JSON haina hatari hiyo, na kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuiacha pickle.

Kijana wa Sinza

Nimejifunza, mhandisi, hasa kuhusu nakala mia mbili za msambazaji mmoja. Lakini ninaona gharama moja ambayo hukuitaja. Modeli ya ndugu Mjenzi bila shaka ina mbinu zake, kama ile ya kukokotoa bei ya jumla, na violezo vyake vimezoea kuziita. Akibadilisha kila kitu kuwa kamusi atalazimika kuandika upya violezo vyote, na mfumo uko kazini. Je, si afadhali abaki na vitu vyenyewe, avilete na jamaa zao, na asonge mbele?

Mhandisi wa Kigamboni

Ni hoja ya haki. Kwa violezo mzigo ni mdogo kuliko unavyofikiri, kwa sababu violezo vya Django husoma kamusi kwa nukta kama vinavyosoma kitu. Mahali palipoandikwa kipuri.jina hapabadiliki. Mbinu ndizo zenye kazi, maana matokeo yake lazima yakokotolewe kabla ya kufungasha. Ila kazi hiyo hukulazimisha kujiuliza swali muhimu: matokeo ya mbinu hii yanategemea nini? Kama bei inategemea anayetazama, fundi mwenye bei ya jumla na mpita njia wa rejareja, basi haiwezi kukaa ndani ya furushi moja linalotumiwa na wote. Ukiacha kitu hai kwenye kache swali hilo huliulizi, na siku moja mteja wa rejareja anaona bei ya mafundi.

Mjenzi wa Mbagala

Nawashukuru sana. Nimesoma maelezo ya mhandisi mara tatu, na kwa mara ya kwanza ninaelewa kilichokuwa kikitokea. Nimeanza kubadilisha ukurasa wa gari kuwa wa kamusi, na maulizo ya wasambazaji yamekwisha.

Bado nimekwama kwenye bei. Nimeandika signali ya post_save (msimbo ambao Django huuita kila kitu kinapohifadhiwa) inayofuta furushi la kila gari ambalo kipuri kimo, ili bei ikibadilishwa furushi lijengwe upya. Nikibadilisha bei moja kwa mkono inafanya kazi. Lakini mwenye duka hupandisha bei nyingi kwa pamoja kwa faili la Excel kila mzigo mpya unapotoka bandarini, na hapo mafurushi hayafutwi hata moja. Kosa langu liko wapi?

Dada wa Upanga

Kaka, nimefanya kazi ya mifumo kwa Java miaka mingi na kwa Django miaka michache, na jambo hili nimelipatia hasara mwenyewe, kwa hiyo ninakuandikia kwa urefu kidogo.

Kosa si la signali. Msimbo unaoingiza faili la Excel, kama ulivyo msimbo wa wengi, bila shaka unatumia update, bulk_create au bulk_update ili kuokoa muda. Njia hizo huandika moja kwa moja kwenye jedwali bila kupitia save ya kipuri kimoja kimoja, na pasipo save hakuna post_save. Usikimbilie kutumia safu ya muda wa badiliko la mwisho badala yake, kwa sababu safu inayojijaza kwa auto_now nayo haiguswi na update mpaka uitaje mwenyewe. Vilevile, ukimwongezea kipuri gari jipya, signali inayotumwa kwa uhusiano huo ni m2m_changed, si post_save. Kwa kifupi, signali haisikii kila badiliko, na mfumo wa fedha usiegemee juu ya kitu kinachosikia nusu.

Hata ukifuta mafurushi mwishoni mwa uingizaji wa Excel, kuna wakati sahihi wa kufuta. Ukifuta ndani ya muamala (kundi la mabadiliko ya kanzidata yanayokubaliwa kwa pamoja) ambao haujathibitishwa, fundi wa Tabata anaweza kufungua ukurasa katikati, akakosa furushi, akasoma kwenye kanzidata bei ya zamani kwa kuwa mpya haijathibitishwa, na programu ikajenga furushi jipya lenye bei ya zamani na kulirudisha Redis. Muamala ukithibitishwa sekunde mbili baadaye, hakuna wa kulifuta tena, na bei hiyo itakaa saa nzima. Ufutaji uweke ndani ya transaction.on_commit ili ufanyike baada ya uthibitisho. Upenyo mdogo bado utabaki, kwa kuwa msomaji aliyesoma kabla ya uthibitisho anaweza kuchelewa na kuandika Redis baada ya wewe kufuta. Hutokea kwa nadra, lakini kwenye duka lenye kaunta tano na mafundi wengi kwenye simu, nadra si kamwe.

Kwa hiyo hapa ninatofautiana kidogo na wote waliotangulia, ambao wanajadili namna ya kufungasha bei. Mimi bei na idadi ya stoo singeviweka kwenye kache kabisa. Tazama furushi lako na ujiulize ni kipi ndani yake ambacho kikiwa cha zamani kwa saa moja kitamuumiza mtu. Jina la kipuri haliumizi. Orodha ya vipuri vinavyoingia kwenye Noah haiumizi, tena ndiyo iliyo ghali kuitafuta kwa sababu inapitia jedwali la katikati la wengi kwa wengi. Bei inaumiza, umeshaona. Idadi ya stoo inaumiza, kwa sababu kuna mtu atalipia bodaboda kwenda Gerezani kufuata kipuri kilichokwisha. Weka kwenye kache orodha pamoja na maelezo yake, kisha kwa kila ukurasa tuma maulizo mawili tu kwenye PostgreSQL: moja linaloomba bei za namba hizi mia tatu za vipuri, na jingine linaloomba idadi zao katika stoo zote. La kwanza linatumia ufunguo mkuu wa jedwali, na la pili linatumia faharasa ambayo Django huiweka yenyewe kwenye safu inayoelekeza jedwali jingine. Maulizo ya namna hiyo ni mepesi kwa kanzidata iliyo na afya, na ukishayafanya hivyo, faili la Excel halina tena cha kuvunja.

Msambazaji naye ningemtoa ndani ya furushi la gari. Mhandisi amependekeza jina lake liandikwe humo, na kwa ukurasa mmoja inatosha, lakini msambazaji huyo yumo kwenye mafurushi ya magari yote. Akibadilisha jina au simu utafuta mangapi? Hili nilijifunza kwa Hibernate. Kache yake ya ngazi ya pili haihifadhi vitu vizima pamoja na jamaa zao. Huhifadhi thamani za safu za kila kitu mahali pake, na kwa uhusiano wa wengi huhifadhi namba za utambulisho peke yake. Nawe unaweza kuiga: furushi la gari libebe namba za wasambazaji, kila msambazaji awe na ufunguo wake, nawe uwaombe wote kwa pamoja kwa get_many, ambayo ni safari moja tu kwenda Redis. Akibadilika unafuta ufunguo mmoja. Watakaokosekana uwasome kwenye kanzidata kwa ulizo moja, usiwasome mmoja mmoja ukarudi ulikotoka.

Mhandisi wa Kigamboni

Ninakubaliana na dada wa Upanga, na ninaondoa jina la msambazaji kwenye kamusi niliyoipendekeza. Nilikuwa nimetazama ukurasa mmoja tu.

Niongeze kwamba Mjenzi aandike jaribio litakalolinda kazi hii. Django ina assertNumQueries: fungua ukurasa mara ya kwanza ili kache ijae, kisha fungua mara ya pili ukidai kwamba maulizo ni mawili kamili. Siku mwenzako atakapoongeza kwenye kiolezo kitu kinachoita kanzidata kwa siri, jaribio litaanguka kabla ya toleo kupanda.

Mjenzi wa Mbagala

Narudi baada ya siku sita kutoa taarifa. Nimefanya kama mlivyonielekeza: orodha na maelezo ya vipuri vimo kwenye furushi la JSON lenye namba ya umbo, wasambazaji wana funguo zao, bei na idadi za stoo zinasomwa moja kwa moja. Ukurasa wa Noah, ambao ulikuwa ukituma maulizo zaidi ya mia sita hata furushi likiwemo Redis, sasa unatuma mawili, ukiacha yale ya kumtambua mtumiaji. Jana mzigo mpya ulitoka bandarini, mwenye duka akapandisha faili lake la Excel saa nne asubuhi wakati kaunta zimejaa, na nilisimama pale dukani nikilinganisha bei kwenye kurasa mbili mpaka nikaridhika. Mwenye duka nimemweleza kwamba tofauti ya shokapu ilitokana na mfumo, naye amekubali kumrudishia muuzaji fedha yake.

Nina swali moja dogo. Mafurushi ya zamani ya pickle, pamoja na yale ya v1 na v2 niliyoyatengeneza nikijaribu, huenda bado yanajaza Redis. Ninaweza kuita cache.clear nikaanza upya?

Dada wa Upanga

Usifanye hivyo mchana, kaka. Kwenye kache ya Redis ya Django amri hiyo husafisha kanzidata yote ya Redis inayotumiwa na kache hiyo, na kama vikao vya watumiaji navyo vimehifadhiwa humo, wauzaji wote watatolewa nje ya mfumo kwa wakati mmoja. Usitumie pia amri ya KEYS kuyatafuta, kwa sababu huisimamisha Redis nzima mpaka imalize kupitia funguo zote. Ukilazimika, tumia SCAN, ambayo huzipitia kidogo kidogo. Lakini hayo uliyaweka kwa muda wa saa moja, na hakuna msimbo unaoyaomba tena. Yaache, yatakuwa yamekwisha yenyewe.